Shemeji anasema ni wanawake weusi tu wanaomaliza hela kwenye nywele. Haya, tupige hesabu

"Shikamoo dada. Nina miaka 29, naishi Tabata, nafanya kazi mapokezi kwenye ofisi moja mjini, mshahara unaoingia mkononi ni 650,000. Mwezi uliopita mume wangu alikaa akapitia meseji zangu zote za malipo ya simu za mwaka mzima, akajumlisha hela ya nywele: rasta mara saba, kila mara 54,000 pamoja na msusi, wiving mara mbili kwa 95,000, dawa na stimingi 112,000, na wigi la nywele za binadamu nililonunua Desemba kwa 450,000. Jumla 1,130,000. Akanionyesha na kitu alichosoma mtandaoni kwamba Marekani wanawake weusi ndo wanatumia karibu hela yote ya nywele, Wazungu na Wahindi na Wachina wao wanatuuzia tu na kutucheka. Tumenuniana wiki sasa. Ni kweli ni sisi tu? Na hii hela ni nyingi kupita kiasi au yeye ndo ana gubu? Halafu kitu kingine kidogo tu, hapa pembeni juu ya masikio nywele zimekuwa chache, nimesuka twende kilioni Jumamosi na mpaka leo Jumatano nakunywa panadoli, kuna mafuta unaweza kunishauri?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza maswali matatu na hilo la mwisho umeliita kidogo, mi naona ndo kubwa kuliko yote, ila najua nikianza nalo utaliruka ukatafute la hela kwanza, kwa hiyo tuanze na shemeji.

Hiyo takwimu naifahamu, inazunguka kila mwaka na kila mwaka inaleta ugomvi kwenye nyumba za watu. Ilitoka kwenye ripoti ya Nielsen, kampuni ya kutafiti masoko, mwaka 2018. Ilisema kwamba mwaka 2017 Wamarekani weusi walitumia dola milioni 54 kati ya milioni 63 kwenye kundi moja la bidhaa za nywele na urembo, asilimia 86 hivi. Sasa watu wanasoma hapo wanaishia hapo. Kundi lenyewe ni la bidhaa zinazotengenezwa mahsusi kwa watu wasio Wazungu! Ni sawa na mtu akae nje ya duka la sare za shule ahesabu wanaoingia, halafu atangaze kwamba wanafunzi ndo wanaomaliza nguo zote za mjini. Na hata bila kusoma ripoti, mwambie shemeji achukue kalkuleta yake ileile, dola milioni 63 kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 300, haifiki hata robo dola kwa mtu. Hiyo ingekuwaje hela yote ya nywele ya Marekani? Kiti cha saluni hakimo humo, rangi za Wazungu hazimo, nywele zao za kuongeza hazimo.

Na zipo, tena nyingi. Nimeshika vichwa miaka ishirini na ushee, nilianza kusuka barazani Magomeni nalipwa kwa kichwa, baadaye nikaenda Uingereza nikasomea mambo ya nywele na ngozi ya kichwa, nikafanya kazi Birmingham miaka sita kwenye saluni ambayo wateja wengi walikuwa Wazungu. Nilikuwa na mteja mmoja, mama wa miaka arobaini na kitu, nywele zake nyembamba kama uzi wa buibui. Kazini kwao alijulikana kwa nywele nyingi za dhahabu. Zile nilikuwa nazipachika mimi, vinyuzi 150, kimoja kimoja, kila kimoja kina kidonge cha gundi ya keratini saizi ya punje ya mchele unachokiyeyusha kwa koleo la moto halafu unakifinyanga kwa vidole kabla hakijapoa, masaa manne na mgongo unauma. Pauni 650 kila mara, mara tatu kwa mwaka, na rangi pauni 120 kila miezi miwili. Jumlisha mwenyewe, ni pauni 2,670, kwa hela yetu zaidi ya milioni saba. Mumewe alikuwa anakuja kumchukua, siku moja akaniambia mke wangu kajaliwa nywele, karithi kwa bibi yake. Mi na yule mama tukaangaliana kwenye kioo, nikaendelea kufagia.

Hapo ndo tofauti ilipo mdogo wangu. Hela ya Mzungu kwenye nywele imejificha, inalipwa kwa mkupuo na kazi nzima ni isijulikane. Yako iko hadharani. Ijumaa una kichwa cha mabutu, Jumatatu nywele zinagusa kiuno, hakuna anayedanganywa wala hukusudii kumdanganya mtu, na unalipa kidogokidogo kila baada ya wiki kadhaa kwa hiyo kila mtu anaona unalipa kila siku.

Wengine nao wanayo yao. Wanawake wa Kiyahudi wale washika dini sana wakiolewa hufunika nywele, na wengi wanafunika kwa wigi, la maana linauzwa kwa maelfu ya dola. Mwaka 2004 marabi waliposema nywele za India zina walakini kwa sababu zimetokana na ibada ya hekalu, wanawake walichoma mawigi yao barabarani, Jerusalem na Brooklyn, hebu fikiria ule moshi ulikuwa wa shilingi ngapi. Japani wanawake wa makamo wanaopungukiwa nywele ni soko kubwa la mawigi. Mabibi harusi wa kusini mwa India wanaunganishiwa msuko bandia mrefu ndo wanapachika maua. Wanaume wa Kizungu wenyewe karne ya 18 walivaa mawigi wakayamwagia unga, mpaka serikali ya Uingereza mwaka 1795 ikaona hapa pana hela, ikaweka kodi ya unga wa nywele, gini moja, sarafu yao ya dhahabu ya enzi hizo, kwa mwaka kwa kila anayetumia. Nilikumbuka hiyo Juni 2019 waziri wetu wa fedha wa wakati huo, Dokta Mpango, alipotangaza ushuru wa mawigi na nywele bandia, asilimia 25 kwa zinazotoka nje na 10 kwa za hapa ndani. Kwa hiyo kwenye ile 1,130,000 kuna ya serikali pia, shemeji akanune na huko.

Kuhusu kutucheka, hao Wahindi anaowasema wala hawajui kama unaishi. Nywele nyingi nzuri sokoni zinatoka kwenye mahekalu, kubwa lao ni la Tirumala kule Andhra Pradesh, mahujaji wananyoa nadhiri, wanaume kwa wanawake kwa watoto, hekalu linakusanya na kuuza kwa mnada. Aliyenyolewa halipwi. Mzigo unaenda viwandani, nyingi China, mji wa Xuchang mkoa wa Henan umejengwa na hiyo biashara, halafu wafanyabiashara wetu wanaufuata Guangzhou unaishia Kariakoo umeandikwa "Brazil". Brazil ni jina la mtindo tu. Na nywele za Kizungu hasa, zile za rangi nyepesi za Urusi na Ukraine, ni adimu, gramu moja inapita kwa mbali bei ya nywele nyeusi, ndo maana yule mama wa Birmingham alilipa vile.

Lakini sitaki nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Shemeji kuna mahali yuko sahihi. Ukiangalia si jumla ya hela bali kipande cha mshahara kinachoondoka, na mara ngapi, na masaa tunayokaa kwenye kiti, sisi tunatumia sana, huko Marekani hivyo hivyo. Ila sababu si ujinga anaoufikiria.

Kwanza unywele wenyewe. Wa singa ni mviringo kama waya, mafuta ya kichwani yanateremka mpaka nchani. Wetu umebanwa bapa kama utepe na umejikunja kama springi, kila kona ni mahali pa kukatikia na mafuta yanaishia kwenye kona ya kwanza. Halafu unakua taratibu, waliopima walikuta nywele za Waafrika zinakua wastani wa sentimita 9 kwa mwaka, za Wazungu 14. Sasa unywele unaokua polepole na kukatika haraka, ukiufungia ndani ya msuko miezi miwili usichanwe kila asubuhi, unatunza urefu. Kwa hiyo kusuka ni matunzo ya kweli, mabibi zetu hawakuwa wanapoteza muda.

Pili ni kazi na macho ya watu. Jeshi la nchi kavu la Marekani mpaka mwaka 2017 lilikuwa haliruhusu wanajeshi wake wa kike kuwa na dredi. Jimbo la California lilipofika 2019 ndo likatunga sheria kwamba mtu asinyimwe kazi wala shule kwa sababu ya nywele zake za asili, sheria, yaani ilibidi iandikwe. Kwa wenzako wa huko wigi ni kama tai kwa mwanaume, kifaa cha kuingilia ofisini. Na wewe uko mapokezi, unajua ninachosema.

Tatu, na hili ni letu kabisa, sisi wengi tumenyolewa toka chekechea mpaka fomu foo au siksi. Mtoto wa Kihindi akifika miaka 19 ana miaka 15 ya kuzijua nywele zake, bibi kampaka, mama kamchana. We umefika chuo ndo zinaota kwa mara ya kwanza, hujui zinaoshwaje, unakimbilia dawa na rasta kwa sababu ndo kitu pekee saluni wanachokujulia. Mi naona hapo ndo hela nyingi inapovujia.

Sasa hesabu yako. Mshahara wa mwaka ni 7,800,000, nywele 1,130,000, hiyo ni karibu asilimia 14 na nusu. Hapo siwezi kukutetea, ni nyingi. Ila usikate kila kitu, gawanya kwa siku uone panapovuja. Rasta za 54,000 ukikaa nazo wiki sita ni kama 1,285 kwa siku, na asubuhi hujishughulishi, hiyo ni bei ya haki. Wiving ya 95,000 ukaikaa wiki nne ni karibu 3,400 kwa siku, na chini yake hakuoshwi vizuri. Hiyo acha. Dawa acha pia, nitakwambia kwa nini. Wigi hela imeshatoka, swali ni unalivaa mara ngapi. Kama ni la harusi na sendofu tu, mara 30 kabla halijachoka, kila kulivaa ni 15,000. Ukilivaa siku 150 ni 3,000.

Na kama kweli ni nywele za binadamu utajua. Chomoa nyuzi mbili uzichome, za binadamu zinanuka nywele na majivu yanasagika, za plastiki zinayeyuka zinakuwa shanga ngumu. Ila hata za binadamu si zote sawa. Unywele una magamba yamelaliana kama vigae vya paa, nzuri ni zile ambazo magamba yote yanaangalia upande mmoja, zilikatwa pamoja kutoka kichwa kimoja na hazikugeuzwa. Za kuokoteza sakafuni na kwenye vitana zimechanganyika juu chini, kiwanda kinayachoma magamba kwa asidi halafu kinapaka silikoni zing'ae. Dukani zote zinateleza. Osha mara tatu nne silikoni iishe, za pili zinajifunga kama stiliwaya.

Mpango wangu kwako: rasta mara tano badala ya saba, 270,000, katikati unapumzisha wiki mbili tatu na mabutu unavaa lile wigi bila gundi, wiving hamna, stimingi weka 60,000. Ni 330,000 kwa mwaka, asilimia 4 na kidogo. Kuna njia nyingine, kunyoa kabisa ni rahisi kuliko zote kama uso wako unakubali na moyo wako unakubali, dredi ukishaanzisha zinakula kidogo ila kuziacha ni mkasi. Nywele asilia zisizosukwa watu wanazisifia kwamba ni bure, si bure, zinakula Jumamosi yako nzima. Na usiende kumjumlishia shemeji hela ya kubeti, nakuomba, nyumba moja kalkuleta moja inatosha.

Haya, sasa pembeni juu ya masikio.

Mdogo wangu, ule msemo ukitaka uzuri sharti udhurike ulitungwa na mtu ambaye hakuwahi kuona kipaji cha uso cha mtu wa miaka 50 kilichorudi nyuma vidole vinne. Maumivu ya siku nne si kawaida. Najua saluni zote wanakwambia kunywa panadoli mbili lala kifudifudi zitalegea. Kinachouma si ngozi tu, ni mzizi unavutwa kutoka kwenye kishimo chake. Ukivutwa mara moja unakasirika, unavimba, unaona vipele kama chunusi kwenye mstari. Ukivutwa miezi na miaka unaanza kutoa unywele mwembamba zaidi, kama wa mtoto mchanga, na mwisho kishimo kinafungwa na kovu. Kovu likishaziba hamna mafuta duniani yatakayolifungua. Twende kilioni inavuta hapo hapo unapopasema, pembeni kwenda juu, na kwenye nywele zenye dawa ni mbaya zaidi kwa sababu dawa imeshaulegeza unywele, halafu unautundikia uzito.

Na hili nalo halina rangi. Daktari wa kwanza kuliandika, mwaka 1907, aliliona Greenland, kwa wanawake wa huko kwenye baridi, waliokuwa wanabana nywele kifundo cha juu kwa nguvu. Wanaume wa Kalasinga wanaofunga nywele ndani ya kilemba wanalipata. Yule mama wangu wa keratini alilipata, nilimwambia, akabadilisha saluni. Ila sisi tunaongoza, utafiti wa Cape Town uliotoka 2007 ulikuta karibu theluthi ya wanawake watu wazima wanalo, kwa sababu tunavuta zaidi na tunaanza mapema.

Jiangalie mchana dirishani na kioo. Kama kwenye mstari wa mbele kumebaki kiukingo cha vinywele vifupi na nyuma yake ndo pameachia, hiyo ni alama ya kuvutwa. Kama ngozi bado ina vitundu na vinyoya, una bahati, vingi vinarudi ukiacha kuvuta, ila ni miezi, tatu mpaka sita ndo utaanza kuona. Muda huo hakuna kusuka pembeni, hakuna gundi ya wigi, hakuna jeli ya kulaza bebi hea kwa mswaki, hakuna kuritachi. Mafuta ya nyonyo paka kama unayapenda, yanalainisha, hayaoteshi. Zile krimu za kuchanganya za dukani usipake kabisa, nyingi zina stiroidi na zinakondesha ngozi. Kuna dawa ya minoxidil inayosaidia wengine, lakini hiyo upewe na daktari, hasa kama una mimba, unaitafuta, au unanyonyesha.

Na nenda kwa daktari wa ngozi, si kwa msusi wala si kwangu, ukiona ngozi imekuwa laini inang'aa haina vitundu, au kuna usaha, au tezi za shingoni zimevimba, au nywele zinaondoka katikati ya utosi na panawasha na kuchoma, hilo la utosi ni tatizo jingine kabisa. Mabaka ya mviringo nayo, yanaweza kuwa mapunye au kitu kingine. Kama umejifungua miezi mitatu minne iliyopita au hedhi yako ni nzito, sema, watakupima damu, madini ya chuma na tezi ya koo. Kwa Dar Muhimbili wapo. Walioko mikoani, KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi toka 1992, na waliofundishwa pale wametawanyika hospitali nyingi za mikoa, uliza dirishani usiogope.

Siku utakayorudi kusuka, miezi ijayo, mwambie msusi aanze na nywele zako mwenyewe halafu rasta aongeze kidogokidogo, notlesi wanaziita, na za ukingoni aziache nje. Rasta zikikuwasha, loweka kwenye maji yenye siki kidogo usuuze kabla hujaenda, wengi inawasaidia. Ukiwa bado kwenye kiti nyanyua nyusi, kunja uso. Uso ukigoma kukunja mwambie afumue hiyo mistari ya mbele, akinuna anune, kichwa ni chako.

Hizo za Jumamosi usisubiri mwisho wa mwezi. Fumua leo usiku, anza na za pembeni, mwombe shemeji ashike mkasi wa kukatia ncha. Ile 54,000 imeshaenda hata hivyo.